Kuku Kwanza, Mchicha Baadaye: Mwongozo wa Bustani ya Uani kwa Mchanga wa Mtwara

Ukichimba uani kwangu, hapa Chikongola mjini Mtwara, jembe halikutani na udongo. Linakutana na mchanga. Unamwaga ndoo ya maji, ukigeuka kuitua ndoo chini maji yameshakwenda. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua mbegu za mchicha, bamia na nyanya, nikazipanda zote ndani ya wiki moja mvua za Desemba zilipoanza. Nilichovuna ni mchicha wa njano wenye kimo cha kidole. Bibi jirani alichungulia juu ya makuti akasema, "Mwanangu, hapo unaulisha mchanga. Tafuta kuku." Nilidhani ananishauri niache bustani nifuge. Kumbe alikuwa ananipa utaratibu wa kazi: kuku watangulie, mbolea yao ikae, mbegu zifuate.

Mwongozo huu ni kwa mwenye ua wa mita kumi kwa kumi hivi, awe Mtwara mjini, Mikindani, Lindi mjini au Mingoyo. Wenzetu wa Newala, juu uwandani ambako maji ni ya shida, watapunguza ukubwa wa bustani, ila utaratibu ni uleule.

Anza kuhesabu nyuma kutoka Desemba

Kusini mvua zetu ni za msimu mmoja. Huanza mwishoni mwa Novemba au mapema Desemba na kuishia Aprili, mara nyingine zikagusa Mei. Katikati, kati ya Januari na Februari, mvua hukatika siku kadhaa na jua likawaka kama la Oktoba. Anayefuata ratiba za Dar es Salaam, zenye vuli na masika, atapotea.

Mbolea ya kuku inahitaji wiki nane mpaka kumi kuiva. Kabla ya hapo unahitaji miezi miwili ya kuikusanya. Kwa hiyo ukitaka kupanda mvua za kwanza zikigusa ardhi, kuku wawe wamehamia bandani Julai, au Agosti ukichelewa sana. Juni ni ya kujenga. Mwanzoni mwa Agosti kuna maonyesho ya Nane Nane pale Ngongo, Lindi. Kama nauli inaruhusu nenda ukatazame vipando na mabanda, na usione haya kuuliza maswali ya kijinga.

Uzio kabla ya kuku

Kuku mmoja akiachwa na tuta jipya dakika kumi, jioni hutajua ulipanda nini. Watu wengi hukata tamaa hapa, wakaamua kwamba kuku na mboga havikai pamoja. Vinakaa, ila ua lazima ugawanywe.

Gawa eneo lako sehemu mbili zinazokaribiana kwa ukubwa. Upande mmoja ni uwanja wa kuku, wa pili ni bustani. Katikati weka uzio unaoweza kung'olewa, kwa sababu mwaka ukigeuka utazibadilisha, na maelezo yake nitakupa huko mbele. Sina haja ya waya wa dukani. Pwani yetu imejaa nyavu za kuvulia zilizochakaa. Nenda soko la samaki pale feri, waulize wavuvi, utapata kwa bei ya kuelewana. Simamisha nguzo kila mita mbili, funga wavu kwa kimo cha karibu mita mbili, na chini uufukie kiasi cha shibiri moja, la sivyo kuku watapenya na nguchiro ataingia. Nguzo zitoke kwenye matawi ya mkorosho yaliyopogolewa au mianzi. Mikoko iache, kuikata bila kibali ni kosa.

Kuku mwenye tabia ya kuruka, mkate manyoya marefu ya bawa moja tu. Akikosa mizani hatajaribu tena.

Kwenye mstari wa uzio wa nje panda kisamvu cha mpira na mlonge. Vyote huchipua kwa kuchomeka kijiti na vinastahimili mchanga, halafu baada ya mwaka mmoja una mboga, kivuli na kizuizi cha upepo wa kusi, ambao kuanzia Juni hukausha matuta vibaya kuliko jua lenyewe.

Banda

Kwa kuku kumi na wawili, banda la mita 2 kwa mita 1.5 linatosha ikiwa mchana wanatoka uwanjani. Kanuni ni kuku wanne kwa mita moja ya mraba. Urefu wa banda ulale kutoka mashariki kwenda magharibi ili jua lisiingie ndani. Upande wa kusi ukandike udongo mpaka kiunoni, juu uweke wavu. Paa la bati peke yake litawachemsha, na makuti peke yake hufuga panya na utitiri. Mimi nimeweka bati, nikatandaza makuti juu yake. Mafundi walinicheka, ila mchana ukiingia ndani unasikia tofauti.

Ndani weka vichanja vya kulalia, nusu mita kutoka chini, kila kuku apate sentimita 20 za kukaa. Chini ya vichanja tandika kipande cha turubai au bati kuukuu. Sehemu kubwa ya kinyesi cha kuku huanguka usiku akiwa amelala, na hicho ndicho tunachokitaka, kwa hiyo kila asubuhi unakunja turubai na kumwaga kwenye pipa. Sakafu nyingine itandikwe maranda ya seremala au pumba za mpunga, unene wa sentimita kumi. Usitumie maranda ya mbao zilizopakwa dawa.

Tena, kwa kuwa tuko Mtwara na magunia ya maganda ya korosho yanapatikana bure nje ya sehemu za kubangulia: usiyaweke bandani wala kwenye matuta. Ganda bichi la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi. Anayebangua kwa mkono anayajua.

Viota vya kutagia viwe na giza kidogo, kimoja kwa mitetea watano. Boksi la sentimita 30 kila upande linatosha, na majani makavu ndani.

Kuku gani, wangapi

Mitetea kumi na jogoo mmoja, basi. Jogoo wa pili ni ugomvi na chakula cha bure. Chagua wa kienyeji. Sasso na kuroila, wale kuku chotara, wanakua haraka na wana nyama, lakini wanadai chakula kingi cha kununua, na hawaatamii vizuri. Ukishazoea unaweza kuwaongeza. Kuchi wanapendeza macho, lakini kwa kazi hii utakuwa umelipia urefu wa shingo.

Nunua kwa mtu mmoja unayemfahamu. Kuku wanane kutoka nyumba nane ni magonjwa kutoka nyumba nane. Kila mgeni, hata awe zawadi ya shangazi kutoka kijijini, akae peke yake wiki mbili, mbali na wenzake, kabla ya kuchanganywa.

Chanjo: sehemu ambayo usiiruke

Mwaka wa pili nilikuwa na kuku kumi na wanne. Oktoba nikaongeza wawili kutoka sokoni, nikawatia bandani jioni ileile. Siku ya nne mmoja alianza kuharisha kijani, wa pili akapinda shingo na kuzunguka kama anatafuta kitu kilichoanguka. Wiki ilipokwisha nilibaki na watatu. Ulikuwa mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ugonjwa huu ni wa virusi na hauna tiba. Antibaotiki za duka la mifugo, mwarobaini, pilipili na majivu vyote nilivijaribu, na vyote ni kupoteza muda ugonjwa ukishaingia.

Chanjo ipo na ni rahisi. Ile inayostahimili joto, ya aina ya I-2, hutengenezwa hapahapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, nayo hutolewa kwa tone moja kwenye jicho moja la kuku. Subiri kuku apepese jicho ndipo umwachie. Rudia kila baada ya miezi mitatu. Kustahimili joto si kustahimili uzembe: ibebe kwenye kitambaa chenye maji, usiiache juani, na chupa ikishafunguliwa ihesabu ni ya siku hiyo. Kuku anahitaji kama wiki mbili kujijengea kinga, kwa hiyo kuchanja wakati kuku wa jirani wameshaanza kufa ni kuchelewa. Mimi nachanja mwishoni mwa Julai, kabla mdondo wa kiangazi haujaanza kuzunguka mitaani, kisha nafuata hesabu ya miezi mitatu.

Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wako. Mtaani kwetu tunachangishana nyumba sita au saba, tunaitana Jumamosi asubuhi na mapema kabla kuku hawajafunguliwa, mmoja anashika, mmoja anadondosha. Ni nafuu, na inakulinda zaidi kwa sababu kuku wa jirani ndio wanaoleta ugonjwa kwako.

Vifaranga wana ratiba yao. Inayofuatwa na wengi ni mdondo siku ya 7, gumboro (ugonjwa mwingine wa virusi) siku ya 14, mdondo tena siku ya 21, gumboro tena siku ya 28, kisha ndui wiki ya 6 hadi ya 8 kwa kuchomwa kwenye ngozi ya bawa. Zile za kuchanganya kwenye maji ya kunywa, usitumie maji ya bomba yenye dawa ya klorini, maana huua chanjo. Tumia ya kisima au ya mvua, na wanyime maji saa mbili kabla ili wanywe yote haraka. Afisa mifugo wa kata yako atakwambia kama eneo lenu linahitaji nyongeza.

Dawa ya minyoo wape kila miezi mitatu, wiki moja au mbili kabla ya chanjo. Utitiri na viroboto hupungua ukiwawekea beseni la majivu na mchanga mkavu wajigaragaze. Kuku aliyekufa kwa ugonjwa azikwe shimo refu. Asiliwe, asiuzwe, na asitupwe jalalani ambako mbwa atamrudisha mtaani.

Chakula kutoka jikoni, shambani na baharini

Kuku mzima hula gramu 100 hadi 120 kwa siku. Akiwa anachakura uwanjani na kupata mabaki ya jikoni, nusu ya hapo ndiyo utakayomwongezea. Kuku kumi na mmoja ni kama gramu 650 kwa siku, yaani kilo ishirini hivi kwa mwezi.

Mchanganyiko wangu wa kilo kumi ni mahindi yaliyoparazwa kilo 4, pumba za mahindi kilo 2.5, mashudu kilo 2, dagaa waliosagwa kilo 1, na makombe ya baharini yaliyotwangwa nusu kilo. Ongeza chumvi kijiko kimoja cha mezani. Mashudu ya ufuta yana nguvu kuliko ya alizeti, na Lindi na Mtwara ni nchi ya ufuta, kwa hiyo ukisikia mahali wanakamua, wahi. Dagaa wasiwe wale waliotiwa chumvi. Chumvi nyingi huua kuku, na kuku hawezi kukwambia kwamba ana kiu ya chumvi. Ukiwakosa wasio na chumvi, loweka na usuuze mara mbili, kisha uanike, na kile kijiko cha chumvi kiache.

Makombe yaokotwe ufukweni bahari ikikupwa, yaoshwe, yachomwe kidogo ili yawe mepesi kutwangwa. Mbali na yaliyomo kwenye mchanganyiko, mitetea wanaotaga wawekewe kopo lao pembeni, wajichukulie wenyewe. Ukiona mayai yana ganda laini, kopo hilo limekauka.

Kwa protini ya bure kuna ujanja wa zamani wa mchwa. Jaza chungu kilichovunjika mdomo kwa mabua makavu na kinyesi cha ng'ombe kilicholowana, kifudikize jioni juu ya njia ya mchwa, asubuhi na mapema kifunue uwape vifaranga kabla jua halijawatawanya. Majani ya mlonge na mchicha uliozeeka wanayapenda. Wasipewe majani ya nyanya, maharage mabichi wala maganda mabichi ya muhogo mchungu.

Maji yabadilishwe kila siku. Kuanzia Mei na Juni majirani wenye mikorosho wakianza kupulizia salfa, funika vyombo vya maji, na mboga za majani zioshwe vizuri kabla ya kupikwa.

Kuivisha mbolea

Sasa tumefika kwenye sababu ya kufuga. Kinyesi kibichi cha kuku kina nguvu kupita kiasi. Nilikiweka mara moja kwenye miche ya bilinganya, asubuhi ya pili ncha za majani zilikuwa kahawia kama zimepitishwa motoni. Tena kina vijidudu vya kuumiza tumbo, usikipeleke kwenye mboga ya kachumbari.

Tengeneza lundo la mita moja kila upande, kivulini, si chini ya paa linalodondosha maji. Chini kabisa weka vijiti ili hewa ipite. Kisha tabaka la majani makavu, mabua au nyasi, unene wa viganja viwili. Juu yake kinyesi na maranda ya bandani, unene wa kiganja kimoja. Nyunyiza maji. Rudia mpaka lifike kiunoni, malizia na majani, funika kwa makuti. Unyevu unaofaa ni huu: ukifumbata konzi ya lundo, mkono ulowe lakini maji yasichuruzike.

Choma fimbo katikati mpaka chini. Siku ya tatu au ya nne ichomoe uishike. Ikiwa moto, lundo linafanya kazi. Ikiwa baridi na kavu, ongeza maji. Ikiwa baridi na inanuka kama choo, kuna maji mengi au kinyesi kimezidi, kwa hiyo geuza na uongeze majani makavu. Geuza lundo zima kila baada ya wiki mbili, ya nje yaingie ndani. Mbolea iliyoiva ni nyeusi, inanukia udongo wa mvua ya kwanza, na huwezi kutambua tena lipi lilikuwa jani na lipi lilikuwa maranda. Lundo litakuwa limepungua kufika nusu. Usishangae, na usilifanye dogo kuanzia mwanzo, maana lundo dogo halipati joto.

Majani ya mkorosho hayana haraka ya kuoza. Yaweke akiba ya kufunikia matuta.

Tuta lenye makumbi

Mchanga wetu una kasoro mbili, hauna chakula na haushiki maji. Mbolea inatibu ya kwanza na nusu ya pili. Nusu iliyobaki nimeitibu kwa makumbi ya nazi.

Chimba mfereji upana mita 1.2, urefu mita 5, kina cha jembe moja na nusu, karibu sentimita 40. Makumbi yawe yameshanyeshewa au kulowekwa siku kadhaa, kwani mapya huwa na chumvi na maji ya kahawia yasiyofaa mimea. Yapange chini upande wa nyuzi ukitazama juu, kama bakuli nyingi zilizokaa wima, safu moja au mbili. Rudishia mchanga ukiwa umechanganywa na mbolea. Kiasi changu ni ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita mbili za mraba, yaani ndoo tatu kwa tuta hili. Kila msimu unaofuata ndoo moja na nusu inatosha.

Tuta la mvua liinuke kiganja kimoja juu ya njia. La kiangazi lizame kiganja kimoja chini, maji yakae. Baada ya kupanda funika mchanga wote kwa nyasi kavu au majani ya mkorosho, ukiacha nafasi kuzunguka shina. Usikanyage tuta. Ndiyo maana upana ni mita 1.2, mkono unafika katikati kutoka kila upande.

Asiye na nafasi achukue gunia, alijaze mchanganyiko huohuo, na katikati asimamishe mnara wa kokoto za kupitishia maji. Matembele na mchicha hustawi humo hata kibarazani.

Nini kipandwe lini

Desemba, mvua zikishalowesha ardhi, weka mchicha, kunde za majani, bamia na matembele. Mbegu ya mchicha ni ndogo kama vumbi, ichanganye na mchanga mkavu kabla ya kuimwaga kwenye mistari ya sentimita 20. Wiki tatu hadi nne unang'oa, au unakata kwa kimo cha kiganja ili uchipue tena. Panda mstari mpya kila baada ya wiki mbili, la sivyo utakula mchicha siku kumi na tano mfululizo kisha ukae bila. Bamia mbegu mbili kwa shimo, sentimita 60 kwa 30, punguza ibaki moja. Baada ya siku 50 hadi 60 anza kuchuma, na uchume kila baada ya siku moja, kwa sababu bamia iliyokomaa huambia mti upumzike. Matembele ni marando ya sentimita 30, theluthi mbili zifukiwe.

Nyanya chungu na bilinganya ziote kitaluni wiki nne au tano, kisha zihamishiwe Januari kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60. Hizi huzaa mfululizo na ndizo zitakazokuvusha mpaka mvua zikatike.

Nyanya usipande wakati wa mvua. Joto na unyevu wa pwani huleta ukungu wa majani na mnyauko kabla haijawiva hata moja. Sia kitalu mwishoni mwa Aprili, hamisha mwishoni mwa Mei, sentimita 60 kwa 50, funga kwenye vijiti, uvune kuanzia Agosti. Tanya na Tengeru 97 ni mbegu za nchini, na unaweza kujiwekea mbegu mwenyewe.

Wadudu, na ule mnyauko

Mwarobaini uko kila mtaa. Kusanya mbegu zilizokauka, twanga nusu kilo kwa lita 10 za maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kipande cha kanga, tia kipande kidogo cha sabuni ya mche. Nyunyiza jioni, maana jua huimaliza nguvu. Kwa vidukari vya kunde na viwavi wa mchicha inatosha kabisa. Kwa kanitangaze, yule anayechora njia nyeupe ndani ya majani ya nyanya, anza mapema: chuma jani lenye njia, litie kwenye mfuko mweusi, ufunge uuache juani.

Mmea ukinyauka mchana ukiwa bado wa kijani, kata shina, litumbukize kwenye glasi ya maji. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka, ni mnyauko bakteria. Ng'oa uchome, na hapo usipande nyanya, bilinganya, nyanya chungu wala pilipili kwa misimu kadhaa, zote ni ukoo mmoja. Usipoona uzi, tazama mizizi. Ikiwa na vinundu ni minyoo fundo, wapenzi wa mchanga. Bamia ni chakula chao kikubwa, kwa hiyo bamia isifuate nyanya. Hapo zidisha mbolea ya kuku.

Mayai na vifaranga, kwa kifupi

Kuku akianza kuatamia, mpe mayai 10 hadi 12 yasiyozidi wiki moja, yaliyowekwa alama ya mkaa ili wengine wakitagia humo uyajue. Siku ya saba, usiku, yamulike kwa tochi ya simu. Lenye mishipa kama mizizi ni zima, jeupe tupu litoe. Siku ya 21 wanaanguliwa. Mwezi wa kwanza wakae na mama yao chini ya tenga, la sivyo utawafugia mwewe. Ukiwatenga na mama baada ya wiki nne, atarudi kutaga mapema.

Mei: kuhamisha uzio

Mvua zikikatika, ng'oa mabaki ya bustani, ukichoma au kufukia mbali yale ya nyanya chungu na bilinganya, kisha ung'oe ule wavu wa kati. Kuku wahamie kwenye matuta yaliyochoka. Watakula mbegu za magugu, viwavi na mayai ya wadudu, na kila wanapochakura wanakulimia. Wewe hamia kwenye uwanja wao wa zamani, ambao kwa miezi kumi umekuwa ukirutubishwa bila kubebewa ndoo hata moja. Chimba matuta ya kuzama, weka makumbi. Mwanzo panda vya kupikwa tu, kama zile nyanya za kitaluni za mchuzi. Saladi na cha kuliwa kibichi visubiri siku 120 tangu kuku walipotoka.

Ila kiangazi usilime uwanja wote. Piga hesabu ya maji kwanza. Kila mita ya mraba inataka lita 5 kwa siku, hivyo tuta la mita 6 za mraba ni lita 30, ndoo moja na nusu. Matuta matatu ni ndoo nne na nusu, kila siku, mpaka Novemba. Maji ya kusuuzia vyombo yasiyo na sabuni nyingi yanafaa. Ya kisima yaonje: yakiwa na munyu, panda mchicha na spinachi, achana na maharage na karoti. Mwagilia asubuhi kwenye shina. Nyanya nazipa chupa ya plastiki ya lita moja na nusu iliyotobolewa kwa sindano na kufukiwa kichwa chini karibu na mizizi, kitako kikiwa kimekatwa ili kiwe mdomo wa kujazia. Watoto ndio wanaozijaza wakitoka shule, na kila mmoja ana miche yake, kwa hiyo nikiona mmoja umenyauka najua wa kumuuliza.